Nyoka Hana Kope

Wala haikuwa hasira, Paskalina. Ndilo jibu nililotaka kukupa mchana, pale kwenye karai la vyombo, uliponiuliza, "Mama, siku ile ulikuwa na hasira na nani?" Nikaendelea kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Ukasubiri. Ulipoona sijibu ukachukua ndoo ukaenda bombani, na tangu hapo tumezungumza habari za chumvi na kuni tu. Sasa umelala chumba cha pili, begi lako liko karibu na mlango limefungwa kwa kamba ya katani, na kijana wa bodaboda atakuja kukupeleka Katesh kabla hakujapambazuka ili uwahi basi la Arusha. Nimeona niandike. Mdomo wangu na sikio lako kwa sasa haviaminiani.

Sitakuandikia mambo ya kula na kuoga na kufunga mlango. Hayo unayajua, na mengine ni wewe uliyenifundisha mimi. Nataka kukuandikia kuhusu nyoka, kwa sababu ndiye anayekuchukua kwangu, na kwa sababu ya nilichomfanyia mmoja wao humu ndani, mbele yako, wiki ya kwanza ya ndoa yangu.

Ndoa yangu. Bado nikiandika neno hilo mkono unatabasamu, nisamehe. Nilidhani mwanamke wa umri wangu, mjane wa miaka yote hiyo, hawezi tena kuamka asubuhi akawa anasikiliza mtu mwingine anavyofunga vifungo vya shati. Unajua Yohana alivyonipata. Nilikuwa na cherehani yangu mnadani, chini ya turubai, akaja mwanamume mrefu na shuka begani, suruali imechanika gotini. Nikaishona. Mnada uliofuata akarudi, suruali ileile, goti lilelile. Nikaishona tena, nikamwambia, "Kaka, uzi wangu ni mzuri, wewe unapiga magoti wapi?" Akasema, "Naenda kanisani sana." Mara ya tatu nikaangalia ule mshono nikaona umefumuliwa kwa wembe, taratibu, uzi mmoja mmoja. Alikuwa anakaa nyumbani kwake Gendabi jioni anafumua suruali yake mwenyewe ili apate sababu ya kuja. Nilipomwambia nimegundua, hakuona haya. Alisema, "Sasa si unioe wewe, maana nitabaki bila suruali."

Wewe ndiye ulicheka kuliko mimi nilipokusimulia. Ulisema, "Mama, huyo mkubali kabla hajaanza kufumua na shati." Nakumbuka ulivyosema. Nakumbuka kwa sababu baadaye watu walisema unaondoka kwa kuwa hukutaka mama yako aolewe, na mimi nimewaacha waseme hivyo, maana ni rahisi kuliko kusema ukweli. Ulimpenda Yohana. Ukampenda na mama yake. Nikisema kweli kabisa, moyo wako ulihama kijijini kwetu Daudi ukaja Gendabi kabla ya wangu.

Lakini ngoja nirudi nyuma, kwa sababu siwezi kuielezea sufuria ya siku ile bila kulielezea jiwe.

Ulikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tunang'oa maharage kule Daudi, mimi na baba yako, na marundo yalikuwa yamekaa shambani yakikauka. Baba yako alikumbatia rundo ili alipeleke uani, na chini yake alikuwepo kifutu, amejikunja, mnene kama mkono wa mtu. Alimuuma mguuni, na baba yako hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimechomwa," kama mtu aliyekanyaga mwiba, akakaa chini na maharage yake bado mikononi. Nikakutuma ukimbie kwa jirani mwenye jiwe jeusi. Ulirudi umelifumbata kama yai, unahema, goti linatoka damu kwa kuanguka.

Tulikuwa tumeamini lile jiwe maisha yetu yote. Unachanja kidogo, unaliweka juu ya jeraha, likinasa ujue linavuta. Na lilinasa, Paskalina. Nilicheka kwa furaha. Nilisema, "Limenasa, asante Mungu, limenasa," nikachemsha chai, majirani wakaja wakakaa, wakawa wanaliangalia jiwe kama watu wanaoangalia mpira. Mguu ukaanza kuvimba. Kijana mmoja mwenye pikipiki akasema, "Mama Paskalina, nimpakie nimpeleke hospitali ya Mbulu." Nikamwambia hapana, jiwe likitolewa kabla halijaanguka lenyewe sumu inarudi. Ndivyo tulivyoambiwa. Baba yako naye akasema hivyo hivyo. Tukasubiri jiwe lianguke. Lilikaa usiku kucha. Alfajiri lilipoanguka nilishangilia, nikaliosha kwenye maziwa kama inavyotakiwa, ili lirudi kwa mwenyewe likiwa safi. Wakati huo baba yako alikuwa hanijibu nikimwita.

Hospitali walitupokea vizuri. Daktari, kijana wa kutoka mkoa mwingine, hakunigombeza. Aliuliza tu lini, nikamwambia, na aliposikia aliinamisha kichwa akaandika. Afadhali angenigombeza.

Tuliporudi na mwili, ulinikuta jikoni nikimwaga yale maziwa nyuma ya nyumba ili mbwa asiyanywe. Ukaniuliza, "Mama, sumu yote iko humo?" Nikasema ndiyo. Ukaangalia yanavyoingia ardhini. Ukasema, "Mbona ni meupe tu?"

Sijui kama unakumbuka. Nadhani unakumbuka, kwa sababu hapo ndipo ulipoanzia. Watoto wengine wakifiwa wanaogopa kile kilichoua. Wewe ulikitafuta. Ulianza na magamba yaliyovuliwa, ukiyakuta kwenye kuta za mawe, unayakunjua taratibu kama nguo ya mtoto. Nikayachoma. Ukakusanya mengine, ukaficha kwenye mtungi wa mbegu. Kisha ukaleta kinyonga kanisani ndani ya mkono wa sweta. Akatoka wakati wa sadaka, akapanda begani kwako, na benchi zima la kina mama likahama kama limepuliziwa dawa. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Mama Paskalina, mwanao ameleta shetani mbele ya altare." Wewe ukamjibu kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Si shetani, ni jike, na ana mimba." Hata padre alishindwa kujizuia. Mimi nilikufinya hadi nyumbani. Leo ningetoa mengi niirudishe ile Jumapili nicheke na wenzangu.

Ukakua na jina lako la utani, Bibi Nyoka. Wavulana wa sekondari walikuita hivyo kwa kejeli, halafu nyoka akiingia bweni wanakuja kukuamsha kwa heshima. Nakumbuka siku wanakijiji walipotaka kumponda kiumbe kimoja chenye kung'aa walichokifukua kwenye mtaro, kirefu kama kamba ya kiatu. Ulikiweka kiganjani ukawaambia, "Subirini, muangalieni macho." Tukasubiri watu wazima wote, na majembe yetu. Kile kiumbe kikafumba macho, kikafumbua. Ukasema, "Mmeona? Ana kope. Huyu ni mjusi aliyeacha miguu. Nyoka hana kope, hawezi kufumba macho hata akilala." Mzee mmoja akakuuliza, "Sasa mjukuu wangu, asiyefumba macho analalaje?" Ukasema, "Kwa shida, babu, kama mwenye mke mkali." Ulikuwa na miaka kumi na tatu, sijui hayo uliyatoa wapi.

Na ilikuwa mwaka huo huo ulipokuja kwangu, mimi nikiwa kwenye cherehani, ukasema kwa sauti ya chini sana, "Mama, lile jiwe halivuti kitu. Nimesoma. Ni mfupa uliochomwa. Linanasa kwa sababu ni kavu tu." Nilisubiri uendelee. Nilisubiri useme lile linalofuata, kwamba kwa hiyo ni mimi. Hukusema. Ukanishikia kitambaa nikamalizia pindo. Miaka yote hiyo hujawahi kusema, na mimi sijawahi kukushukuru kwa kutosema, na kati ya mambo hayo mawili ndipo tumeishi, mimi na wewe, kwa upole mwingi na woga mwingi.

Halafu akaja Yohana, na nyumba hii, na mama yake.

Nilikuwa nimelewa furaha. Sijui namna nyingine ya kusema. Kila kitu cha hapa nilikiona kizuri: vumbi, kwato za ng'ombe asubuhi, mlima ule unaovaa wingu kama kitambaa cha kichwa, hata harufu ya mavi ya ng'ombe kwenye kuta. Nilimwandikia dada yangu Mbulu meseji ndefu kila jioni mpaka akanijibu, "Umeolewa, hujafufuka." Na wewe ulikuwa umekaa na bibi yako mpya kwenye ngozi nje ya boma lake, unamuuliza habari za nyoka. Yeye Kiswahili chake ni kidogo, wewe Kidatoga huna, lakini mlielewana. Ulikuja ukaniambia kwa macho yanayong'aa, "Mama, huku nyoka akiingia nyumbani hauawi. Bibi anasema wakubwa waliokufa wanakuja hivyo kuwaangalia watu wao. Anawekewa maziwa, anakunywa au hanywi, anaondoka mwenyewe." Ukaongeza, "Nyoka hawapendi maziwa, mama, lakini sijamwambia." Nikacheka. Nilidhani ni hadithi nzuri tu. Sikudhani nitapewa mtihani wake.

Unaijua siku yenyewe, lakini sijawahi kukueleza niliionaje mimi.

Mama mkwe alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa, amekaa mlangoni. Wewe ulikuwa unachambua mboga. Mimi nilikuwa mafigani, maji ya ugali yamechemka, nimeshika mwiko, na nilikuwa naimba. Nataka ujue hilo, nilikuwa naimba. Nyoka akatoka nyuma ya magunia ya mahindi, wa kahawia, rangi ya chai ya maziwa, akawa anafuata ukuta polepole kuelekea tulipo. Mama mkwe alimwona wa kwanza. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetangaza mgeni, "Acha yeye. Mzee amekuja kuona bibi harusi." Baba yake Yohana, yaani, aliyekufa zamani. Akaanza kumimina maziwa kwenye kifuniko. Wewe ukapiga magoti, uso umewaka kama siku ya Krismasi, ukasema, "Mama, tulia, ni nyoka wa nyumba, hana sumu, anafuata panya. Angalia mistari yake kichwani ilivyo mizuri."

Watu wawili waliniambia. Mmoja aliniambia ni baba mkwe, mwingine aliniambia ni nyoka asiyedhuru mtu. Ningeweza kumwamini yeyote kati yenu na mkono wangu ungebaki palepale. Lakini akasimamisha kichwa akaniangalia, na hakufumba macho. Alinikazia macho, Paskalina. Nikainua sufuria.

Hukulia. Hilo ndilo linaloniamsha. Ulibaki umepiga magoti, maji ya moto yamekurukia mkononi, ukawa unamwangalia anavyojikunja mpaka akaacha. Kisha ukasema, bila kunigeukia, "Hana kope, mama. Huangalia hivyo hata akiwa amelala. Nilikuambia." Mama mkwe alivuta shuka lake akafunika uso. Akayamwaga yale maziwa nje ya mlango, akachukua kibuyu, akaondoka.

Yohana aliporudi na ng'ombe alisikia kabla hajafika. Nilikuwa nimekaa kitandani nikisubiri nipigwe, au nifukuzwe, au chochote. Alimchukua yule nyoka kwa mikono miwili, akamzungushia majani mabichi, akaenda kumzika karibu na mlango wa zizi. Akarudi akanawa, akakaa pembeni yangu. Akasema, "Mke wangu, hukujua." Ningeweza kulipokea neno hilo, likanitosha. Nikamwambia, "Nilijua. Niliambiwa na watu wawili." Kisha akanishika mkono, ule ule wa sufuria. Huyo ndiye mwanamume niliyempata, na sasa ninamwona kila siku anavyobeba aibu yangu kwenda nayo machungani na kurudi nayo.

Hujui yote yaliyofuata kwa sababu umekuwa hukai karibu yangu. Kila asubuhi nakwenda kwa mama mkwe. Nasema, "Shikamoo mama." Anasema, "Marahaba," maana hakuna mkubwa wa kuiacha shikamoo ikaanguka chini, lakini anaielekeza ukutani. Marahaba yake inanifikia imegonga udongo kwanza. Chakula changu hali. Bombani wanawake wananyamaza nikifika, na juzi mmoja akashindwa kujizuia, akasema, "Huyu ndiye aliyemkaribisha baba mkwe na maji ya moto." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, maana sikujua uso wangu ufanye nini. Wiki hii ng'ombe wa Yohana, yule wa rangi ya majivu, ametupa mimba. Hakuna aliyenilaumu. Walimwangalia ng'ombe, kisha wakaniangalia mimi, kisha wakaangalia mlima. Usiku ule Yohana alilala ameupa ukuta uso. Asubuhi alinisalimia vizuri kama kawaida, lakini niliona. Mwanamke aliyesikiliza vifungo vya shati anasikia na kimya.

Na jana mama mkwe akakuita wewe. Nilikuwa naangalia kupitia dirisha. Alikupaka mafuta kwenye paji la uso, akakupa kile kibuyu kidogo chenye shanga, akakuongelea kwa muda mrefu kwa lugha usiyoijua, na wewe ukawa unaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa kila neno. Ndipo nikajua. Katika nyumba ya mume wangu wewe ndiye mtoto wa nyumbani, na mgeni ni mimi. Nilikuleta huku nikakupa ukoo, kisha kwa sufuria moja nikajitoa mwenyewe. Na wewe uliyebaki ndani, ndiye unayeondoka.

Niliposikia kwamba yule mama mwenye kituo cha nyoka karibu na Arusha amekukubali kazini, nilisema maneno mabaya. Nilisema umemchagua muuaji wa baba yako. Nilisema wazungu watakupiga picha na chatu shingoni, na siku moja nitaletewa simu. Ulinijibu kwa utulivu ule wako unaoniumiza, "Mama, pale kuna dawa ya sumu. Ya kweli. Iko kwenye friji, na umeme ukikatika kuna jenereta." Nimelishika neno hilo kama rozari. Friji, jenereta, friji, jenereta. Lakini moyo haujengwi hivyo. Ninakuona ukifungua vizimba vya vioo kila asubuhi, ninamwona kifutu chini ya majani makavu, ninaona mkono wako. Sina namna nyingine ya kukuona. Nimejaribu kukuona ukirudi hapa na mshahara wako na viatu vizuri, na picha haikai, inateleza.

Sitaki kukufundisha chochote usiku huu. Ninayoyajua mimi ni mabaya kuyarithisha. Ninajua kwamba jiwe linaweza kunasa na mtu akafa. Nilijifunza hilo kwa baba yako, nikaapa sitasubiri tena, kwamba mara nyingine nitafanya jambo haraka, kwa mikono yangu, bila kumsikiliza mtu. Ndicho nilichofanya. Somo la kifo cha kwanza ndilo lililomwaga maji. Ningekuwa sijajifunza kitu, yule nyoka angekunywa au asingekunywa, angeondoka, na leo mama mkwe angekuwa anakula ugali wangu. Sasa mimi mtu wa namna hiyo nikupe ushauri gani?

Niliandika mwanzoni kwamba haikuwa hasira. Sitaifuta, karatasi ni chache, lakini si kweli. Nilianza kwa kujidanganya hata humu. Nilikuwa naimba, mwanangu, na nilipomwona nikasema moyoni, amenipata. Amenifuata kutoka Daudi, amepita mashamba yote haya, amekuja kumchukua na mume wangu huyu wa pili. Nilidhani furaha ina harufu, kwamba nilikuwa nimejipaka nyingi mno mpaka nikamwita. Huo ulikuwa woga. Lakini chini ya woga, maji yalipokuwa yameshatoka mkononi, ilikuwa hasira, na uliuliza na nani. Na yule mwanamke aliyechemsha chai akishangilia jiwe. Nilikuwa namwagia yeye. Yule nyoka alikuwa tu ametokea ukutani akiwa amefumbua macho, na sijawahi kuvumilia kuangaliwa na kitu kisichofumba macho tangu siku baba yako alipokufa ameyaacha wazi, nikashindwa kuyafumba.

Hukuwahi kuambiwa hilo. Nesi ndiye aliyeyafumba.

Sasa umejua, na sijui kama linasaidia kitu. Nadhani halisaidii. Yule wa kahawia amelala mlangoni pa zizi na ng'ombe wanamkanyaga asubuhi na jioni. Mama mkwe amezeeka zaidi mwezi huu kuliko nilivyomkuta. Yohana ananipenda, na ninaona jinsi kunipenda kunavyomgharimu, na kuna saa natamani asingenipenda ili apumzike. Na wewe kovu lile la mkononi litakuwa hapo utakapowashika wengine, watu watakuuliza ni nyoka gani, na itabidi useme ni mama.

Waambie. Usinifiche.

Nasikia Yohana anakohoa. Amekuambia atakuamsha yeye, na ameshaazima pikipiki ya rafiki yake isimame karibu kama yule kijana wa bodaboda akichelewa. Amekushonea kitu pia, usimcheke: mfuko mdogo wa kibuyu cha bibi yako, ameushona mwenyewe kwa cherehani yangu, mishono imepinda kama njia ya mbuzi. Alikataa nimsaidie. Alisema, "Huu usifumuliwe."

Nitakuja, Paskalina. Sitangoja uniite, maana najua hutaniita, wala sitangoja mama mkwe anisamehe, maana huenda asinisamehe. Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda basi nije huko, na nitavaa viatu vya kufunika kama utakavyoniagiza. Usinipeleke kwa chatu, wala usinionyeshe kifutu, hapo sijafika. Nitafutie wa nyumba, wa kahawia, aliye hai. Nikalishe mbele yake, uondoke, uniache naye. Nitamwangalia. Najua yeye hatafumba macho, na wewe umeshanieleza sababu yake mara nyingi. Safari hii nitakaa mpaka nifumbe mimi.

Mama yako.